Saa ya Mwili: Jinsi Seli za Ubongo Zinavyopatana Kuhusu Muda (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Anayekosa usingizi huanza kuulaumu mto, chai ya rangi au simu. Majibu yaliyo hapa yanaanzia ndani zaidi, kwenye seli za neva zinazopanga usingizi, joto la mwili, homoni na hata njaa. Seli hizo, ukiichukua moja moja, ni saa mbovu. Zikiwa pamoja na zikipashana habari usiku na mchana, hutunza muda kwa usahihi wa kushangaza. Jambo hilo la kupashana habari ndilo linalopitwa haraka mno shuleni, na ndilo lililonisukuma kuandika ukurasa huu.

Saa ya mwili iko wapi hasa?

Chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, neva mbili zitokazo machoni hukutana na kupishana. Juu kidogo ya makutano hayo kuna vifungu viwili vidogo vya seli, kimoja kushoto na kimoja kulia. Wataalamu huviita kiini cha suprakiasma, kwa kifupi SCN. Kwa panya, vifungu vyote viwili vina takriban seli za neva 20,000 tu, na ubongo wake mzima una mamilioni. Kukaa kwake jirani na neva za macho kuna sababu, kama tutakavyoona.

Ilijulikanaje kwamba ni pale na si pengine?

Mwaka 1972 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, kila moja kivyake, yalifikia jibu lilelile. Robert Moore na Victor Eichler waliharibu eneo hilo kwenye ubongo wa panya, wakaona mpangilio wa kila siku wa homoni ya tezi zilizo juu ya figo umetoweka. Friedrich Stephan na Irving Zucker waliona panya wao wakinywa maji na kukimbia wakati wowote, mchana kidogo, usiku kidogo. Waliendelea kula, kunywa na kutembea. Walichopoteza ni ratiba.

Bado mtu angeweza kubisha kwamba labda pale ni njia tu ya kupitishia ujumbe, na saa yenyewe iko kwingine. Ubishi huo ulimalizwa mwaka 1990 kwa jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko yote katika taaluma hii. Hamsta wa kawaida, mnyama mdogo wa jamii ya panya, akiwekwa gizani huendelea kuishi kwa siku ya karibu saa 24. Martin Ralph na Michael Menaker walikuwa wamempata hamsta mwenye hitilafu ya jeni, na baadhi ya wazao wake waliishi siku ya saa 20. Wao na wenzao waliwaondolea hamsta SCN, wakawaacha hadi ratiba ikapotea, kisha wakawapandikizia SCN changa kutoka kwa hamsta wa aina nyingine. Ratiba ikarudi, na ikarudi kwa hesabu ya mtoaji: aliyepandikiziwa kiini cha saa 20 aliamka kila baada ya saa 20, ingawa mwili wake wote uliobaki ulikuwa wa saa 24.

Seli moja inahesabuje siku nzima bila kuona jua?

Kwa kutengeneza kitu kinachokuja kujizuia chenyewe. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, huwasha jeni za Per na Cry. Kutokana na jeni hizo seli hutengeneza protini za PER na CRY, ambazo hujazana polepole, kisha hurudi kwenye kiini cha seli na kuzizuia CLOCK na BMAL1. Jeni zinazima. Protini zilizokwisha kutengenezwa zinavunjwavunjwa kidogo kidogo hadi kizuizi kinaondoka, na kazi inaanza upya. Mzunguko mzima unachukua karibu siku moja kwa sababu kuna vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye PER na kuamua idumu kwa muda gani. Mwaka 2000 iligundulika kwamba hitilafu ya yule hamsta wa saa 20 iko kwenye kimeng'enya kimoja cha aina hiyo.

Jeni ya kwanza ya saa ilipatikana kwa inzi wa matunda mwaka 1971, kwa kazi ya Ronald Konopka na Seymour Benzer. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi.

Kama kila seli ina saa yake, kuna haja gani ya kuzungumza?

Kwa sababu saa hizo hazilingani. Mwaka 1995 David Welsh, Steven Reppert na wenzao walizitenganisha seli za SCN ya panya, wakaziotesha juu ya sahani yenye vinasa umeme vidogo, wakafuatilia seli moja moja kwa siku nyingi. Kila seli iliongeza na kupunguza mapigo yake ya umeme kwa mzunguko wa karibu siku. Lakini seli mbili zilizokaa jirani ziliweza kupishana kabisa, moja ikiwa kwenye adhuhuri yake na nyingine kwenye usiku wa manane wake. Nyingine zilikwenda haraka kidogo, nyingine zikachelewa.

Ubongo ukipokea taarifa za namna hiyo hautajua kama ni wakati wa kupandisha joto la mwili au kulishusha. Kuna faida nyingine pia. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba seli za panya aliyekosa jeni fulani ya saa, Cry1, zikitenganishwa, nyingi hushindwa kutunza muda. Zikiachwa pamoja kwenye kipande kizima cha SCN, zinautunza bila shida. Mazungumzo, basi, hulinganisha saa zilizopo na pia huiwezesha seli dhaifu kutunza muda ambao peke yake isingeuweza.

Haya, zinazungumza kwa njia gani?

Kwanza kwa mapigo ya umeme. Mchana kila seli hutoa mapigo kadhaa kwa sekunde, na usiku hupungua sana. Kila pigo likifika mwisho wa uzi wa seli, linamwaga kemikali inayopokewa na seli nyingine.

Watu wa pwani wanamjua bunju, yule samaki anayejivimbisha na ambaye sumu yake imeua walaji. Sumu hiyo, tetrodotoksini, huziba vijia ambavyo neva hutumia kupitisha umeme. Watafiti wa Japani akiwamo Hitoshi Okamura waliitumia kwenye kipande cha SCN cha panya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Panya hao walikuwa wamewekewa jeni ya kimulimuli, hivyo seli iliwaka kila jeni yake ya Per ilipofanya kazi, na kamera iliweza kuona saa ya kila seli. Kabla ya sumu, mamia ya seli yaliwaka na kufifia kwa mpangilio mmoja. Sumu ilipowekwa, umeme ukakatika na seli zikaanza kuachana, kila moja ikifuata hesabu yake. Sumu ilipooshwa zikarudiana, tena kwa mpangilio uleule wa awali: zilizokuwa za kwanza kuwaka zikawa za kwanza tena.

Kemikali iliyo muhimu zaidi katika upatano huo inaitwa VIP. Ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iliyogunduliwa kwanza utumboni, na hutolewa na takriban seli 1 kati ya 10 za SCN, zilizo upande wa chini. Mwaka 2005 maabara ya Erik Herzog, iliyo St. Louis, ilionyesha kwamba kwa panya wasio na VIP au wasio na kipokezi chake, seli nyingi hupoteza mzunguko na zilizobaki hazipatani. Walipoongeza kila siku dawa inayoamsha kipokezi hicho kwenye seli za panya wasio na VIP, upatano ulirudi.

Aliyewahi kutazama wavuvi wakivuta juya ufukweni ataelewa kwa nini sauti ya wachache inatosha. Wavutaji hawana nguvu sawa wala mwendo sawa, lakini mmoja akiitikisha, kamba yote inakwenda kwa pamoja, na aliyetangulia anasubiri wakati aliyechelewa anaharakisha. VIP hufanya hivyohivyo: seli iliyochelewa inasogezwa mbele, iliyowahi inarudishwa nyuma.

Nimesoma kuhusu GABA. Ina kazi gani humo?

Ni kemikali nyingine ya mawasiliano, na karibu kila seli ya neva ya SCN huitoa. Kwingineko ubongoni GABA hutuliza seli. Ndani ya SCN imeonekana wakati mwingine ikiziamsha, kutegemea saa na eneo. Inasaidia sehemu ya chini na ya juu ya kiini kujuana. Sehemu ya juu nayo ina seli nyingi zinazotoa kemikali iitwayo vasopresini, ambayo tutairudia kwenye swali la safari.

Ni seli za neva peke yake zinazofanya kazi hii?

Hapana, na hili limebadilisha mawazo ya wengi. Kati ya seli za neva kuna astrosaiti, seli zenye umbo la nyota ambazo kwa muda mrefu zilichukuliwa kuwa wahudumu tu. Mwaka 2017 maabara ya Michael Hastings, iliyo Cambridge, na ile ya St. Louis zilionyesha kwamba astrosaiti za SCN zina saa inayoathiri mwendo wa kiini kizima. Seli za neva hushughulika mchana. Astrosaiti hushika zamu ya usiku na kutoa kemikali iitwayo glutamati ambayo, kwa njia isiyo ya moja kwa moja, huwafanya majirani zao watulie. Mwaka 2019 kundi la Hastings lilichukua panya wasio na saa kabisa, likairudisha saa ndani ya astrosaiti za SCN tu, na panya wakaanza tena kukimbia kwa ratiba.

SCN inajuaje kwamba kumekucha?

Kwa macho, ingawa si kwa njia tunayotumia kuona nyuso na maandishi. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba baadhi ya seli za retina, utando ulio nyuma ya jicho, zina rangi yao ya kunasa mwanga, melanopsini, na zina waya wa moja kwa moja hadi SCN. Huathirika zaidi na mwanga wa bluu, kama wa anga la asubuhi. Alfajiri zinamwaga glutamati kwenye sehemu ya chini ya SCN, ambako ndiko ziliko seli za VIP. Seli hizo zinapokea habari na kuisambaza.

Msaada huo unahitajika kila siku. Watu waliochunguzwa Marekani bila kuona mwanga wa jua, katika utafiti wa Charles Czeisler uliochapishwa mwaka 1999, walikuwa na siku ya wastani wa saa 24 na dakika 11. Bila kusahihishwa, mtu huchelewa kidogo kila siku. Ndiyo maana baadhi ya vipofu ambao macho yao hayanasi mwanga kabisa hujikuta usingizi unazunguka: wiki hizi wanalala usiku, wiki kadhaa baadaye wanasinzia mchana. Si uvivu, na familia zao zinapaswa kulijua hilo. Kuna vipofu wengine ambao hawaoni chochote lakini seli zao za melanopsini ziko hai, na saa yao inafuata jua.

Kama SCN ya panya na ya binadamu zinafanana, kwa nini panya huamka usiku?

SCN huchangamka mchana kwa wote wawili. Haimwambii mtu aamke. Inatangaza tu kwamba ni mchana. Sehemu nyingine za ubongo ndizo zinazoamua tangazo hilo lina maana ya kutoka au ya kujificha.

Ujumbe unafikaje kwenye mwili mzima?

Kwa njia zaidi ya moja. Habari ya usiku hupita njia ndefu ajabu: kutoka SCN hadi sehemu nyingine ya haipothalamasi, inashuka kwenye uti wa mgongo hadi kifuani, inapanda tena hadi kwenye fundo la neva shingoni, kisha inaingia kwenye tezi ya pineali katikati ya kichwa. Hapo melatonini, homoni ya usiku, hutolewa. Kwa watu wengi huanza kupanda saa mbili hivi kabla ya muda wao wa kulala. Kuelekea kuamka, homoni iitwayo kotisoli hupanda. Joto la mwili hufika chini kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri.

Ini, figo, kongosho, hata ngozi, vyote vina seli zenye saa za Per na Cry. Hilo lilionekana wazi mwaka 1998, pale maabara ya Ueli Schibler huko Geneva ilipokuta seli za kawaida za panya zilizooteshwa kwenye chombo zikiweza kuzungusha jeni zao kwa siku. SCN huziweka saa hizo pamoja.

Nikifunga Ramadhani, saa yangu inavurugika?

Mwaka 2000 maabara hiyohiyo ya Geneva iliripoti kwamba panya wakilishwa wakati wao wa kupumzika tu, saa ya ini huhamia kwenye muda wa chakula huku SCN ikibaki na mwanga. Kwa hiyo futari na daku husogeza zaidi ini na wenzake. SCN husogea pale mtu anapokesha kwenye taa kali baada ya tarawehe kisha akalala hadi adhuhuri bila kuona jua. Anayefunga akaweza kupata mwanga wa asubuhi na kulala kidogo kabla ya daku anaipa saa yake unafuu mkubwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani kubadili muda wa kula kunabadilisha pia muda wa dozi.

Nikienda Guangzhou kufuata mzigo, siku tatu za kwanza sifai. Kwa nini?

Guangzhou iko saa 5 mbele ya Dar es Salaam na Nairobi. Unapoamshwa saa moja asubuhi kwenda sokoni, SCN yako bado inahesabu saa nane usiku. Mwanga mpya unaisogeza haraka ile sehemu ya chini inayopokea habari za macho. Sehemu ya juu yenye vasopresini inashikilia muda wa nyumbani. Kwa siku kadhaa kiini kimoja kinakuwa na pande mbili zisizokubaliana, na viungo vingine vinaburuzwa nyuma. Kadirio la kawaida ni siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kurudi magharibi.

Watafiti wa Kyoto waliripoti mwaka 2013 kwamba panya wasio na vipokezi viwili vya vasopresini walipobadilishiwa mwanga kwa saa 8 waliuzoea karibu papo hapo. Maana yake, ule upatano unaoifanya saa iwe imara ndio pia unaoifanya iwe ngumu kusogea.

La kufanya: siku ya kwanza huko, vaa miwani ya jua au kaa ndani hadi kama saa nne asubuhi ya kwao, kisha tafuta jua la wazi hadi mchana. Mwanga unaokuja kabla ya joto lako la mwili kufika chini kabisa unaichelewesha saa. Unaokuja baada yake unaiharakisha. Kwa mtu wa Dar aliyetua jana, mpaka huo uko kwenye saa tatu au nne asubuhi ya Guangzhou.

Nafanya lindo la usiku mwaka wa tatu sasa. Mbona mwili hauzoei?

Kwa sababu kila asubuhi, ukiwa njiani kurudi nyumbani, jua linakuambia kinyume. SCN inapata ujumbe wa kukucha mara tu unapotaka kulala, na siku ya mapumziko unarudi kwenye maisha ya mchana pamoja na familia. Miwani ya giza njiani, chumba chenye pazia zito na muda uleule wa kulala kila siku husaidia kwa kiasi. Kinachosaidia zaidi kiko mikononi mwa waajiri: zamu zisizobadilikabadilika ovyo, na mapumziko ya kutosha kati ya zamu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kazi ya zamu ya usiku mwaka 2007 kwenye kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani, na mwaka 2019 likaibakiza hapo. Manesi, walinzi na madereva wa usiku wanastahili kuambiwa hivyo wazi.

Ndugu yangu analala saa tatu, mimi saa sita bado niko macho. Nani ana tatizo?

Huenda hakuna. Watu hutofautiana kwa jeni na kwa umri, na vijana huchelewa zaidi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wazima 33 waliofuatiliwa kwa siku 20 hivi. Katika muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala usingizi mzito kwa pamoja. Kambi karibu wakati wote ilikuwa na mtu aliye macho. Watafiti waliona kwamba tofauti hizo huenda ziliwalinda mababu zetu.

Na watoto wachanga? Na wazee?

Mtoto hupata mpangilio wa usiku na mchana akifika miezi 2 hadi 3. Mwanga mchana na giza usiku humsaidia. Kwa wazee, seli za SCN hutoa ishara hafifu zaidi, ndiyo maana usingizi hukatikakatika na hujia mapema. Kumtoa mzee nje akae juani asubuhi ni msaada wa kweli.

Vidonge vya melatonini je?

Melatonini huiambia saa kwamba usiku umeingia, kwa hiyo muda wa kumeza una uzito kuliko ukubwa wa dozi. Kwa vipofu wenye usingizi unaozunguka imeonyesha kufaa. Usijinunulie tu, muulize mfamasia au daktari, hasa ukiwa mjamzito au ukitumia dawa nyingine.

Malale inahusianaje na haya yote?

Kwa karibu sana. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o vikifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Kinachovunjika ni mpangilio wa usingizi zaidi ya jumla ya saa za kulala. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba panya walioambukizwa vimelea hivyo walichangamka wakati wao wa kupumzika na saa yao ikafupika, na hata seli zilizooteshwa pamoja na vimelea zilionyesha hivyohivyo. Bila matibabu ugonjwa huu huua.

Ni wakati gani nimwone daktari?

Usingizi ukisogea mbele kila siku bila kusimama. Ukisinzia ukiwa unaendesha gari au bodaboda. Ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika. Au ukikosa usingizi kwa zaidi ya miezi 3. Aliyeishi au kupita kwenye mapori yenye mbung'o, akawa na homa, kuumwa kichwa na usingizi wa mchana usio wa kawaida, asingoje hata siku moja. Kwa wengine, kabla ya kwenda, andikeni kwa wiki mbili saa ya kulala, saa ya kuamka, saa ya kula na muda mliokaa juani. Daktari atapata mengi kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye maelezo ya kukumbuka.